Médiatrice na Kansa Isiyo Ndogo

Médiatrice hakuwa na cheti cha ukalimani. Alikuwa na mdomo, basi, na mdomo huo ulikuwa umevuka mipaka minne kabla ya kutua Durban. Alizaliwa Uvira, mama yake Mrundi. Alisomeshwa kwa Kifaransa na masista. Alikaa kambini Tanzania miaka sita, akapita Malawi, akapita Msumbiji, na kila alipopita aliokota maneno kama kuku aokotavyo mtama uliomwagika. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja, anasuka nywele katika saluni moja katikati ya jiji. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, lakini ulimi ulivitangulia.

Ndiyo maana watu walimfuata. Mwenye barua ya Home Affairs, ofisi ya vibali, alimfuata Médiatrice. Mwenye ugomvi na mwenye nyumba, Médiatrice. Anayekwenda kliniki na kuogopa kuulizwa asiyoyaelewa alikaa kwenye benchi la saluni, akangoja amalize kichwa cha mteja, kisha wakafuatana. Aliipenda kazi hiyo. Alipenda jinsi daktari au karani alivyoacha kumtazama mwenye shida akamtazama yeye. Siku hizo alivaa blauzi nyeupe na kubeba mkoba mweusi ambao ndani hamkuwa na kitu zaidi ya pipi na kitana.

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Alizungumza lugha sita, na katika zote sita hakuwa na neno "sijui".

Kwa hiyo mambo yalikwenda mrama mara mojamoja. Mwaka uliopita mwalimu wa shule fulani alitumia msemo wa Kiingereza kumwambia mzazi kwamba binti yake ni mtundu. Médiatrice akautafsiri neno kwa neno, "Anasema mikono ya mtoto imejaa," na baba wa watu akapekua mkoba wa binti pale pale ofisini akitafuta vitu vya wizi. Akapata andazi. Lakini watu walicheka, wakasahau, wakaendelea kumfuata, maana asiyejua lugha hachagui mkalimani.

Sasa katika jengo alilokaa Médiatrice, yeye ghorofa ya nne, kulikuwa na mzee mmoja wa ghorofa ya sita, Papa Gustave. Lifti ilikuwa imekufa kabla hawajahamia wote wawili. Papa Gustave alikuwa mwalimu wa jiografia kule Uvira. Durban alifanya kazi Mobeni, mtaa wa viwanda, miaka minane, katika genge la kubomoa mapaa ya kale ya asbesto kwenye maghala, pua na mdomo wazi, anarudi nyumbani mweupe kama mwoka mikate. Kisha akahamia Westville kulinda magari kwenye maegesho ya maduka, mahali ambapo kila mtu alikuwa na gari na yeye alikuwa na fulana ya kung'aa na filimbi. Sigara alianza nayo akiwa na miaka kumi na saba, wala hakuiacha hata siku ya harusi yake. Kikohozi chake kilijulikana jengo zima. Kikisikika ngazini, mkewe, Mama Spès, aliinuka kupakua. Papa akifika ghorofa ya sita, ugali umeshatulia mezani.

Lakini si kikohozi kilichompeleka hospitali. Ni spika ya kanisa.

Jumapili moja spika iliyotundikwa juu ya ukuta ilianza kukoroma katikati ya mahubiri. Papa Gustave, ambaye hakupenda kuona kitu kibovu bila kukigusa, aliweka kiti juu ya meza akapanda. Kiti kilikwenda kushoto, yeye akaenda kulia, akaangukia kinanda. Kinanda kilitoa mlio ambao haujawahi kutoka katika kinanda chochote, na mama mmoja wa viti vya nyuma, aliyekuwa amefumba macho, akaitikia, "Amina!"

Eksirei ilionyesha ubavu mmoja umepata ufa. Ungepona wenyewe. Ila nyuma ya ubavu, katika pafu la kulia, palikuwa na doa jeupe la mviringo, kadiri ya sarafu. Katika mji huu ukiwa na doa pafuni, kwanza watakutafutia kifua kikuu. Papa Gustave akatema makohozi kikoponi mara tatu, kifua kikuu hakikuonekana. Akaingizwa katika mashine kubwa ya duara inayopiga picha vipande vipande. Akachomwa sindano ndefu ya kifuani, wakachukua kinyama kidogo kwenda kukitazama. Safari zote hizo Médiatrice alikuwa ubavuni mwake na blauzi nyeupe, akitafsiri "vuta pumzi" na "usitikisike," na hakuna aliyeweza kumlaumu.

Siku ya majibu waliingia watatu: Papa Gustave, Mama Spès, na Médiatrice. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na simu mfukoni mwake haikutulia. Aliongea mbio. Médiatrice alinasa maneno manne: kansa, "non-small cell", "stage one", na kwamba wapasuaji watawaona tarehe ishirini na nne, ndio watakaoeleza yote. Simu ikalia tena. Daktari akaomba radhi, akatoka mbio, koti likipepea nyuma yake.

Mume na mke wakamgeukia Médiatrice.

Alikuwa na nafasi ya kumkimbilia daktari kule koridoni. Hakuitumia. Alifanya hesabu yake ya haraka: "non" ni si, "small" ni ndogo. Neno "cell" alilijua kama simu ya mkononi na kama chumba cha gereza, na yote mawili hayakuingia, akaliacha. "Stage" ni pale wanaposimama kwaya. Lakini moja ni moja.

"Papa," alisema, akamshika mkono. "Iko kansa. Kansa ya mapafu. Na si ndogo."

Mama Spès akashika kichwa.

"Si ndogo namna gani?" akauliza Papa Gustave.

"Docteur anasema ni ya namba moja."

Papa Gustave akatazama viatu vyake. "Namba moja," akasema mwishowe. "Miaka yote ile ya masomo sikuipata hata mara moja. Imenisubiri huku."

"Na tarehe makumi mbili na nne tuko na rendez-vous kwa wakubwa wao. Wale wa kupasua."

"Wanapasua mtu mbele hajakufa, angali hai?" Mama Spès aliuliza kwa woga.

Médiatrice hakujua. Kwa hiyo alijibu, "Hapa South Africa, ndiyo."

*

Zilibaki siku kumi na mbili hadi tarehe hiyo, na katika siku hizo Papa Gustave alikufa vizuri sana, kila kitu isipokuwa kukata roho.

Aligawa vitu. Redio yake ilikwenda kwa jirani wa ghorofa ya tano, Deusdedit. Suti mbili kati ya tatu alizipeleka kwa shemeji yake Hardy, ambaye alikuwa mfupi kuliko yeye kwa shubiri nzima. Hardy, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuongoza kamati za matanga, alikuja na daftari kuuliza kwa heshima ni picha gani ingefaa kwenye fulana za waombolezaji. Papa Gustave aliikataa picha ya kwanza kwa sababu ilimwonyesha amefumba jicho moja, akachagua aliyopigwa Westville akiwa na filimbi. Fulana arobaini zikachapishwa. Zilitoka nzuri, zenye rangi ya zambarau.

Sigara aliongeza. "Mbuzi anayepelekwa machinjioni utamnyima majani?" alimwambia mkewe.

Ngazini watu walikutana jioni kujadili kansa hiyo imetoka wapi. Mama Spès alisema ni sigara. Papa Gustave mwenyewe aliilaumu asbesto ya Mobeni. Deusdedit aliona ni moshi wa magari ya Westville, mtu hawezi kunusa mabomba ya magari ya matajiri miaka yote hiyo akabaki salama. Bibi mmoja wa ghorofa ya tatu alikumbusha moshi wa makaa, majiko ya kule kwao, nyumba hazina dirisha. Hardy alishikilia kwamba ni ile spika, maana kabla hajaanguka hakuwa na doa. Walipomwuliza Médiatrice, yeye anayejua maneno ya madaktari, alifikiri kidogo akatoa hukumu: ni hewa ya bahari. Ina chumvi nyingi.

Juu ya yote, Papa Gustave alianza kusema ukweli. Mtu anayeaga hana cha kuficha. Alimwendea mchungaji Ezéchiel akamwambia kwamba mahubiri yake ni mazuri hadi dakika ya ishirini, na baada ya hapo ni kurudia. Alimwita Deusdedit, waliyecheza naye dama kila Jumamosi kwa miaka tisa, akakiri kwamba kila Deusdedit alipokwenda msalani yeye alisogeza kete moja.

"Moja tu?" Deusdedit aliuliza, machozi yakimlenga.

"Pengine mbili."

"Nimekusamehe, kaka. Nenda kwa amani."

Na siku moja, Mama Spès alipomletea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akaweka kijiko chini akamshika mkono. "Mama Cathy," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "nitasema kitu, usikasirike. Mawese unatia mingi. Tangu tuoane. Sombe inaogelea."

Mama Spès alilia, akambusu paji la uso, akasema amemsamehe. Ndivyo alivyosema siku ile.

Médiatrice naye alilia. Alisuka huku akilia, na mteja mmoja alitoka saluni na mistari iliyopinda kama njia ya mlimani. Alimpenda mzee yule. Ndiye aliyembebea godoro hadi ghorofa ya nne siku alipohamia, akapumzika kwenye kila ngazi akikohoa na kumtajia mito yote inayoingia Ziwa Tanganyika.

*

Tarehe ishirini na nne Papa Gustave alivaa suti iliyobaki, ile aliyoiweka ya kuzikiwa, akasema aizoee kidogo. Hospitalini walipokewa na muuguzi wa kitengo cha saratani, Sista Aaminah, mwanamke mnene wa makamo mwenye hijabu ya kijani. Mababu zake walikuwa miongoni mwa watumwa walioachiwa huru, walioitwa Wazanzibari, waliowekwa Bluff, pembeni mwa Durban, zamani, na katika lugha ya nyumbani kwao alibakiwa na maneno matatu, aliyoyatumia yote kwa pamoja kila alipokutana na msemaji wa Kiswahili.

"Karibu! Pole! Maji!" alisema, akiwanyooshea viti.

Papa Gustave akatoa filimbi mfukoni, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Ya nini hii?" Sista Aaminah akamwuliza Médiatrice kwa Kiingereza.

"Ukumbusho. Anaaga."

"Anakwenda wapi?"

Médiatrice akaonyesha dari kwa kidole.

Sista Aaminah akaweka kalamu chini. "Dada yangu," akasema taratibu, "daktari aliwaambia nini, na wewe uliwaambia nini?"

Médiatrice akamwambia. Sista Aaminah alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, ingawa kidevu chake kilitetemeka mara moja. Kisha akamvuta pembeni, karibu na dirisha, akamfundisha kwa sauti ya chini, kwa dakika kumi, mambo ambayo Médiatrice angeweza kuyauliza siku kumi na mbili zilizopita.

Kansa ya mapafu ina aina mbili kubwa, tuseme koo mbili, alisema. Wanaitazama kwa hadubini, na jina linatokana na ukubwa wa seli, zile chembe ambazo mwili umejengwa kwazo. Halihusu ukubwa wa ugonjwa. Ukoo wa kwanza ni wa seli ndogo. Huo ndio mkali: unakimbia, unatawanyika hadi kwenye ubongo na mifupa na ini kabla mtu hajajua anaumwa, na karibu wote wanaoupata ni wavutaji. Ukoo wa pili ni wa seli zisizo ndogo. Huo ndio wa watu wengi, nao una matawi yake, na kwa kawaida hutembea polepole zaidi. Papa Gustave alikuwa na huo.

"Na namba moja?" Médiatrice aliuliza, ingawa alikuwa ameshaanza kuelewa.

"Ni hatua ya kwanza. Ya mwanzo kabisa. Ziko nne. Uvimbe uko mahali pamoja, haujatoka. Tunaweza kuukata." Sista Aaminah akamshika bega. "Wengi huja kwetu hatua ya nne, kwa sababu pafu halina maumivu ya kupiga kelele. Huyu mzee ameokolewa na ubavu uliopasuka. Sasa nenda ukamwambie."

Hatua kutoka dirishani hadi mezani zilikuwa saba, na katika hizo saba Médiatrice alipata mawazo mengi kuliko aliyoyapata mwaka mzima. Aliona fulana arobaini za zambarau. Alimwona Hardy katika suti inayoburura. Aliwaza watakavyosema saluni. Na pale kwenye hatua ya sita, Shetani, au tuseme werevu wake mwenyewe, ukamletea njia ya mkato. Kanisa zima lilikuwa limefunga na kuomba. Nani angejua?

Mpasuaji, mama mwembamba mwenye miwani, alikuwa tayari amewasha picha ya mapafu ukutani. Alisema maneno yake, akamwachia mkalimani nafasi.

"Papa," Médiatrice akaanza, akijikohoza. "Mungu ni mkubwa. Kansa… inaonekana imeshuka. Ilikuwa kubwa, sasa iko kidogo. Maombi yamefanya kazi."

Mama Spès akaruka kutoka kitini. Akapiga vigelegele vilivyofika mapokezi, akaanza kucheza kati ya meza na kitanda, mikono juu. Sista Aaminah akatabasamu, akidhani habari imefika salama.

Papa Gustave naye akainuka. Akafunga vifungo vya koti, akaichukua kofia yake.

"Unaenda wapi, Papa? Bado. Wanataka kukupasua, watoe kipande cha pafu."

"Cha nini tena?" alisema Papa Gustave kwa furaha. "Kama maombi ya siku kumi na mbili imeipunguza hivi, tukiongeza kumi na mbili itaisha. Kisu ni cha asiye na imani. Mama Cathy, twende."

Akashika kitasa cha mlango.

Médiatrice alimwona jinsi alivyosimama pale, mzee wa watu, shingo imekonda ndani ya kola, anaondoka kwenda kufa kweli kweli safari hii kwa sababu ya heshima ya mwanamke mmoja wa saluni.

"Papa, rudi ukae," alisema. "Nimesema uongo."

Vigelegele vikakatika.

"Haijapungua. Ilikuwa hivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Hiyo 'si ndogo' ni seli, ni jina tu, si kwamba ugonjwa ni mkubwa. Na namba moja ni mwanzo, hatua ya kwanza, ingali changa. Neno lile la docteur sikulijua. Sikulijua na sikuuliza. Niliona haya." Akaanza kulia, blauzi nyeupe na yote. "Na ukitoka mlango huo bila kupasuliwa, itakua, itakuua, na mimi ndiye nitakuwa nimekuua."

Mpasuaji alimtazama Sista Aaminah; Sista Aaminah alitazama dari.

Papa Gustave alikuwa wa kwanza kucheka. Alianza kidogo, puani, kisha kicheko kikashuka tumboni kikampinda mzima, akashika ukuta. "Deusdedit!" alisema akihema. "Nimemwambia Deusdedit kuhusu zile kete! Na pasteur! Eish, pasteur!" Akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Alikohoa ameinama, leso mdomoni, mishipa imesimama shingoni, dakika nzima. Alipoiondoa leso palikuwa na doa la damu juu yake, dogo na jekundu kama pilipili.

Wote waliliona.

"Tangu lini hiyo?" akauliza mpasuaji, na Médiatrice akatafsiri, neno kwa neno, bila kuongeza hata pumzi yake.

"Tangu Krismasi," Papa Gustave akajibu. "Sikutaka kumtisha mama."

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza. Ilichukua saa moja na nusu. Mara nne Médiatrice aliinua mkono akasema, "Ngoja, daktari, hilo sijui, nieleze," na kila mara alishangaa kuona hakuna aliyemcheka. Mpasuaji alichora mapafu kwenye karatasi: la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, watatoa sehemu moja ya kulia, zitabaki nne, na mtu anaishi na nne. Mama Spès aliuliza ile kesi ya ngazini, nani mwenye kosa. Sigara ndiyo ya kwanza, alijibiwa, haina mpinzani. Asbesto ya Mobeni ni ya pili, nyuzi zake hukaa pafuni miaka ishirini, thelathini, zikichokonoa; na zikikutana na moshi wa sigara hazijumlishi hatari, zinaizidisha. Moshi wa magari na wa makaa nao unachangia, ndiyo maana hata wasiovuta huugua.

"Na chumvi ya bahari?" Papa Gustave akauliza, akimtazama Médiatrice kwa jicho la pembeni.

Médiatrice akalitafsiri swali hilo pia. Mpasuaji akasema hapana.

Sharti lilikuwa moja: sigara ikome leo. Pafu linalovutishwa moshi halipasuliwi, kidonda hakiponi. Papa Gustave aliingiza mkono mfukoni akatoa pakiti, akaiangalia kama mtu anayeagana na rafiki wa shule, akaiweka mezani. Sista Aaminah akaipokea, akamrudishia filimbi.

Wakati wa kutoka, Mama Spès alimshika mumewe mkono koridoni.

"Gustave."

"Naam, mama."

"Mawese yangu ni mengi?"

*

Zilipita wiki tano kabla ya upasuaji, na zilikuwa ndefu. Papa Gustave bila sigara alikuwa kama nyuki bila mzinga. Alitafuna karoti mpaka Mama Spès akasema ataota masikio ya sungura. Hospitali ilimpulizisha ndani ya mrija na kumpandisha ngazi huku wakipima pumzi, akawaambia yeye hufanya mtihani huo kila siku bure. Sombe ilikuja mezani bila tone la mawese, imekauka kama majani ya chai, kwa wiki tatu mfululizo, mpaka alipoomba msamaha mbele ya mashahidi wawili. Mchungaji Ezéchiel alihubiri dakika kumi na tisa, Jumapili moja tu, akimkazia macho. Deusdedit aliirudisha redio, lakini dama akakataa. Alitaka kwanza miaka tisa ya michezo ihesabiwe upya, na alikuwa tayari kuanza na mwaka wa kwanza.

Zile fulana hazikutupwa. Hardy alisema kitambaa ni kizuri, na vijana wa kwaya wakawa wanazivaa kwenye mazoezi, Papa Gustave thelathini na kitu wanaimba sauti ya nne, yeye mwenyewe amekaa mbele akiwapigia makofi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alilala hospitalini siku tisa na mrija ubavuni. Maumivu yalikuwa makali kuliko alivyoahidiwa, na usiku wa tatu alimwambia mkewe asingekubali mara ya pili. Siku ya tano alitembea hadi dirishani. Pumzi haikurudi yote: sasa hupumzika ghorofa ya pili, na ya nne kwa Médiatrice, ambako kuna kiti chake nje ya mlango, kisha huendelea. Kila miezi sita hurudi kupigwa picha, na siku tatu kabla ya majibu huwa haongei na mtu. Picha tatu zimetoka safi hadi leo. Westville hakurudi, anafundisha jiografia watoto wa kanisa Jumamosi, wakitaka wasitake.

Médiatrice mwenyewe alitangaza kosa lake saluni, kabla mtu mwingine hajalitangaza. Walimcheka miezi miwili. Kwa muda hakuna aliyemwita popote, na blauzi nyeupe ikakaa kabatini. Aliyemrudisha kazini ni Sista Aaminah, aliyempigia simu asubuhi moja: kulikuwa na mgonjwa, fundi wa simu, Kiingereza chake hakitoshi. "Nakutaka wewe," alisema, "kwa sababu wewe utauliza."

Fundi huyo aliitwa Désiré, miaka hamsini na miwili, sauti imekauka, uso umevimba, amepungua kilo kumi na moja tangu Pasaka. Mkewe, Kaneza, alikaa amekumbatia mkoba. Kabla hawajaingia kwa daktari, Médiatrice alimwomba Sista Aaminah amsomee majibu polepole, akayarudia kwa maneno yake mara mbili, akarekebishwa mahali pamoja.

Kisha akakaa mbele ya Désiré, magoti yao karibu kugusana. Daktari akaongea. Désiré alikuwa amejifunza Kiingereza kidogo kutoka kwa wateja, na neno moja alilikamata mwenyewe.

"Amesema 'small'," alisema, akamgeukia mkewe, uso umeanza kung'aa. "Ndogo! Kaneza, iko ndogo!"

"Hapana, kaka Désiré," Médiatrice alisema. "Nisikilize. Ndogo ni jina la seli. Ugonjwa wenyewe ni mkali, na umeshatembea."

Aliona mwanga ule ukizimika, na hakuangalia pembeni. Akaendelea, taratibu: hautapasuliwa, utatibiwa kwa dawa za kwenye mshipa na kwa mionzi, ukoo huu unakimbia, lakini mwanzoni hutii dawa, mara nyingi uvimbe husinyaa na pumzi hurudi, wanazungumzia miezi, pengine mwaka na zaidi, hakuna anayeweza kuahidi. Kaneza aliuliza maswali kumi na moja. Sita kati yake Médiatrice alijibu, "Sijui, nitamwuliza," akamwuliza.

Walipotoka nje jua lilikuwa kali. Désiré alisimama kwenye ngazi za hospitali, anavuta hewa kwa kelele kidogo.

"Dada Médi," alisema, "binti yangu anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Kwa ule uvimbe wa uso, picha zitakuwaje?"

"Uvimbe wa uso daktari amesema utashuka kwa dawa. Hilo nililiuliza."

"Basi na mimi nivae tai."

"Vaa," alisema Médiatrice. "Lakini si nyekundu, kaka. Nyekundu haikufai."

Kaneza akacheka bila kutaka, huku anafuta macho. Wakashuka hadi barabarani, wakangoja taa ya barabarani, ile robot, iwe kijani, wakavuka. Matibabu yalianza Alhamisi.